Mlingoti Ukianguka: Redio za AM, Waya na Ardhi ya Maniema Kusini



Kutoka hapa Kasongo hadi Kabambare, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita zinazokaribia 120. Barabarani ni nyingi zaidi, na wakati wa mvua watu hawahesabu tena kilomita, wanahesabu siku. Misafara ya Tippu Tip ilipita Kabambare ikitoka Ujiji kuja Kasongo. Mwaka 1870 Livingstone alikwama huko kwa miezi kadhaa akiuguza vidonda vya miguu, na huko kwao hakuna aliyejua kama yu hai au amekwisha kufa. Tangu zamani habari za njia hii zimekwenda kwa miguu.

Nimeombwa niseme juu ya redio za AM zilizopoteza minara yake, na namna zinavyorudi hewani. Mtu anaweza kuuliza: hayo yanatuhusu nini sisi, ambao redio zetu za jamii, kama Sauti ya Mkaaji hapa Kasongo, hurusha kwa FM? Nitajibu kwa hesabu ndogo.

Mawimbi ya FM hufika karibu pale jicho linapofika. Weka antena juu ya mlingoti wa mita 30 katika nchi tambarare, msikilizaji awe ameketi barazani na redio yake mkononi: upeo wako ni kilomita 28 hivi. Ukitaka mtu wa Kabambare akusikie kutoka Kasongo, bila kilima cha kukuinua na bila kituo cha kupokezana katikati, mlingoti wako lazima upite mita 700. Hakuna aliyewahi kusimamisha mlingoti wa redio wa kimo hicho. Uliokaribia kuliko yote ulikuwa ule wa Konstantynów, nchini Poland, wenye mita 646. Nao ulianguka.

Tuanzie hapo basi. Mlingoti wa Konstantynów ulikamilika 1974, ukarusha redio ya taifa ya Poland kwa masafa marefu, ambayo ni AM vilevile, ila mawimbi yake ni marefu kuliko ya masafa ya kati tuliyoyazoea. Ulisikika karibu Ulaya nzima. Tarehe 8 Agosti 1991 mafundi walikuwa wakibadilisha nyaya zinazoushikilia. Kazi hiyo hufanywa kwa zamu: kabla hujalegeza waya mmoja, mwingine wa muda lazima uwe umeshika tayari. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mlingoti ulipinda, ukakatika karibu na katikati, ukashuka wote. Kwa bahati hakufa mtu.

Poland haikunyamaza. Nje ya jiji la Warsaw, mahali paitwapo Raszyn, kulikuwa na mlingoti wa zamani uliojengwa 1949, wa mita 335 tu. Hakuna aliyekuwa ameung'oa kuuza chuma chake. Matangazo yakahamishiwa huko, kwa nguvu ndogo zaidi. Serikali ilitaka kuusimamisha upya ule wa Konstantynów, lakini wenyeji walikataa: walikuwa wameishi miaka mingi chini ya mtambo ule mkubwa na hawakutaka tena mionzi yake karibu na nyumba zao. Mwishowe kituo kipya kilijengwa mbali na hapo, Solec Kujawski, kikaanza kazi 1999. Miaka minane ilipita, na hiyo ni nchi yenye wahandisi wengi, viwanda vya chuma na hazina ya serikali.

Kwa nini kisa hiki ni kizito kuliko kuanguka kwa mnara wa FM? Kwa sababu mnara wa FM ni kibebeo tu. Antena yenyewe ni vyuma vichache vimefungwa juu, na mnara ukianguka unaweza kuviokota, ukavifunga juu ya tangi la maji au mti mrefu, jioni ukasema tena, ingawa kwa mtaa mmoja. Katika AM ya masafa ya kati, chuma chote kilichosimama ndicho antena. Mlingoti umekalia kihami cha kaure, haugusi ardhi, na umeme wa redio unapita ndani yake kuanzia unyayo hadi ncha. Ndiyo maana huzungushiwa ua, na ndiyo maana mtoto akiugusa huku amesimama ardhini huungua. Ukianguka, hukupoteza kibebeo. Umepoteza koo.

Kimo chake nacho hakichaguliwi kwa kupenda. Gawanya 300,000 kwa masafa yako ya kilohezi, upate urefu wa wimbi kwa mita; robo ya wimbi ndicho kimo ambacho mafundi wengi hukitafuta. Huko Jasper, jimbo la Alabama, Marekani, kuna kituo kidogo kiitwacho WJLX, kilohezi 1240. Wimbi lake ni mita 242, na mlingoti wake ulikuwa wa mita 61, robo barabara. Mwezi wa Februari 2024 dunia ilicheka na kushangaa iliporipotiwa kwamba mlingoti huo umeibwa: watu waliotumwa kufyeka majani walikuta mahali patupu, na mtambo wa kurushia haumo kibandani. Kituo kilikuwa pia na kirudishio kidogo cha FM, na wenyewe walidhani wataendelea na hicho. Mamlaka ya mawasiliano ya Marekani ikawaambia hapana: FM ile ilipewa idhini kama kivuli cha AM, na kivuli hakibaki mwenye kivuli akiondoka. Sheria ya huko ina ukali mwingine pia. Kituo kikikaa kimya miezi 12 mfululizo, leseni yake inakufa yenyewe, bila kesi wala barua.

Sasa niwapeleke kwenye sehemu ambayo watu wengi hawaioni, kwa sababu imefukiwa. Mlingoti wa AM ni nusu ya antena. Nusu ya pili imo ardhini: nyaya za shaba zinazotawanyika kutoka unyayo wa mlingoti kwenda pande zote, zimelazwa chini kidogo ya udongo. Mwaka 1937 wahandisi wa kampuni ya RCA walichapisha vipimo vilivyokuwa msingi wa kanuni ya Marekani hadi leo: nyaya 120, kila moja urefu wa robo ya wimbi. Kwa kituo kama kile cha Jasper hiyo ni zaidi ya kilomita saba za shaba chini ya majani. Umeme wa redio unaotoka mlingotini hurudi kupitia ardhi, na ardhi ikiwa mbaya nguvu yako inaishia kupasha udongo joto. Udongo wetu mwekundu, hasa unapokauka, si rafiki wa kazi hii. Nyaya zile ndizo zinazoukopesha udongo uwezo usio wake.

Upepo ukiangusha mlingoti, nyaya za ardhini zinabaki. Radi ikiupiga, zinabaki. Kwa hiyo kituo kilichoangukiwa na mlingoti wa AM, chenye ardhi yake salama, kimepoteza nusu inayoonekana, na nusu inayoonekana ndiyo rahisi kuigiza. Aliyechimbuliwa shaba usiku amepata hasara nzito zaidi hata kama mlingoti wake umesimama wima na taa yake nyekundu inawaka. Msikilizaji atasema tu kwamba siku hizi redio ile imedhoofika. Na sisi tunaishi katika nchi iliyolisha dunia shaba ya Katanga. Hapana haja ya kuwaeleza bei ya kilo moja inajulikana na nani.

Basi, mlingoti umelala. Fundi anafanya nini?

Kwanza hagusi. Nyaya za kushikilia zilizobaki zimebana kwa nguvu kubwa, na kipande cha mlingoti kilichoegemea kinaweza kusubiri mpaka mtu afike chini yake. Mtambo unazimwa, jenereta inazimwa, watoto na wauza chuma wanasogezwa. Picha zinapigwa, kwa ajili ya bima kama ipo, na kwa ajili ya kujua chanzo. Chanzo ni muhimu kuliko hasira. Mara nyingi ni waya mmoja wa kushikilia ulioliwa na kutu pale unapoingia kwenye zege, mahali ambapo nyasi huuficha. Mara nyingine watu wamefungua vyuma vya mshazari, kimoja leo, kimoja mwezi ujao, kutengeneza milango na majiko. Mlingoti hustahimili, hustahimili, kisha siku ya upepo wa kawaida kabisa unaanguka, na upepo ndio unaolaumiwa.

Pili anatafuta waya. Hapa ndipo AM ina rehema ambayo FM haina. FM inadai kimo kwa sababu mawimbi yake yanataka kuona. Masafa ya kati hutambaa juu ya ardhi. Hayadai kuona, yanadai chuma kirefu cha kutosha kilichosimama au kuinuka juu ya ardhi njema. Waya ni chuma. Fundi anasimamisha nguzo mbili, au anatafuta miti miwili mirefu, anainua waya wima kadiri awezavyo kisha anaulaza juu kutoka nguzo hadi nguzo, uwe na umbo la L iliyogeuzwa au la T. Sehemu iliyosimama ndiyo inayorusha zaidi. Sehemu iliyolala huusaidia waya ujione mrefu kuliko ulivyo. Kanuni za Marekani zinakiruhusu kituo cha AM kutundika waya wa namna hii siku ileile, bila kungoja ruhusa, mradi kiandike barua ya kuomba kuendelea ndani ya saa 24. Kanuni hiyo inanipendeza. Inatambua kwamba watu waliozoea kusikia sauti fulani wanaihitaji zaidi siku ya dhoruba kuliko siku ya kawaida. Kituo kilichokuwa na milingoti kadhaa ya kuelekeza matangazo upande mmoja kinaweza kutumia ule mmoja uliobaki, kwa robo ya nguvu yake, ili kisiingilie jirani zake.

Kuutundika waya ni kazi ya asubuhi moja. Kuulisha ndiyo kazi. Chini ya kila mlingoti wa AM kuna kibanda chenye koili na kapasita, vinavyopatanisha mtambo na antena. Vilipangwa kwa mlingoti uliokufa. Waya mfupi una tabia nyingine kabisa: ukinzani wake ni mdogo, na unahitaji koili kubwa zaidi. Ukiwasha mtambo kwa nguvu zote, umeme unarudi ulikotoka, na mtambo wa kisasa utajizima wenyewe, ule wa zamani utaungua. Fundi mwenye subira huanza na wati chache, anapima, anaongeza mizunguko ya koili, anapima tena. Ncha ya waya ina volti nyingi ajabu hata kwa mtambo mdogo. Kamba ya nailoni iliyolowa mvua haitoshi. Weka vihami, na kama huna vya kaure, vipande vya bomba la plastiki vinafaa kwa nguvu ndogo. Mti huyumba na waya hukatika, kwa hiyo upande mmoja kamba ipite kwenye kapi na kufungiwa jiwe, mti ukisogea jiwe lipande na kushuka. Kama nyaya za ardhini nazo zimeibwa, laza nyingine juu ya udongo, thelathini fupi kuliko tatu ndefu, na uziondoe kwenye njia ya mbuzi.

Tatu anasema ukweli kwa wasikilizaji. Kituo kinachorudi kwa waya hakisikiki kulikokuwa kunasikika. Msikilizaji wa mbali anayekuta mikwaruzo siku tatu mfululizo atasogeza kishale, na akishasogeza kishale kumrudisha ni kazi ya miaka. Apelekewe habari kwa njia nyingine: mimbarini msikitini, matangazo ya parokiani baada ya misa, soko la siku, madereva wa pikipiki. Kwamba tumepata ajali, kwamba kwa sasa tunasikika vizuri hadi kijiji fulani, kwamba saa fulani jioni tutajaribu kuongeza nguvu. Nimeona mahali pengi vituo vikificha udhaifu wao kana kwamba ni aibu. Wasikilizaji huusikia hata hivyo.

Kuna njia nyingine ya kurudi hewani, ambayo wahandisi huisahau lakini wanasiasa hawajaisahau kamwe: kuazima mlingoti wa jirani. Historia yetu ina mfano mzito kuliko wa nchi yoyote niijuayo. Tarehe 5 Septemba 1960 Rais Kasavubu alitangaza kwenye redio ya Léopoldville, Kinshasa ya leo, kwamba anamwondoa Waziri Mkuu Lumumba. Jioni ileile Lumumba, ambaye ujanani aliwahi kufanya kazi kwa kampuni ya Symétain huku kwetu Maniema, alikwenda kwenye redio hiyohiyo akajibu. Siku iliyofuata Umoja wa Mataifa uliifunga redio. Kwa maneno ya kifundi, wote wawili walipoteza mnara wakati mmoja. Lakini ng'ambo ya mto, Brazzaville, palikuwa na mtambo mkubwa ulioachwa na vita vya pili vya dunia, na Fulbert Youlou, aliyekuwa akitawala huko, alikuwa upande wa Kasavubu. Kasavubu akawa anasikika. Lumumba hakuwa na mlingoti wa kuazima. Redio ya Léopoldville ilifunguliwa tena tarehe 12, na siku saba zile zilikuwa zimekwisha kufanya kazi yake.

Mlingoti unaonekana kutoka mbali, ndiyo shida yake ya pili katika mashariki ya Kongo. Tarehe 2 Agosti 1998 uasi uliozaa kundi la RCD ulitangazwa kwenye redio, hukuhuku mashariki. Kila anayetaka mji hutaka kwanza chuma kirefu. Mwenye waya ana faida ndogo ambayo haiandikwi vitabuni: jioni ya hofu anaweza kuushusha, kuuviringa, na kuuweka chini ya kitanda.

Turudi nyumbani sasa. Je, nawashauri mjenge AM ya masafa ya kati hapa Kasongo, mlingoti wa robo ya wimbi na kilomita za shaba? Hapana. Kwa masafa ya chini, tuseme kilohezi 600, robo ya wimbi ni mita 125 za chuma, na kila mita inakuja kwa lori au kwa reli hadi Samba kisha barabara. Mtambo wa kilowati chache unataka jenereta isiyolala, na mafuta ya dizeli yanapofika Kabambare bei yake mnaijua. Kuna jambo jingine pia, nalo ni la hapa kwetu hasa. Mwaka 2016 wanasayansi waliochambua picha za setilaiti za miaka 16 walitoa orodha ya mahali panapopigwa radi zaidi duniani. Pa kwanza ni Ziwa Maracaibo, Venezuela. Pa pili ni Kabare, Kivu Kusini. Pa tatu ni Kampene, hapa Maniema, kilomita zisizofika 100 kaskazini mwetu, zaidi ya miale 176 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Kila mwale ni mtambo wa AM wa kitambo kidogo. Unasikika redioni kama mkwaruzo, na jioni za mvua mikwaruzo hiyo huja kutoka mamia ya kilomita. Tena mlingoti uliosimama juu ya kihami huialika radi ipite mahali usipopataka, na usipoweka kwa uangalifu zile tufe mbili za chuma chini yake ambazo cheche huruka kati yake kwenda ardhini, radi itapita ndani ya mtambo wako.

Ninachoshauri kiko kati ya AM kubwa na FM ndogo, na mafundi wa nchi hii walikijua zamani. Redio Candip ya Bunia, redio ya elimu, ilisikika Ituri na mbali zaidi kwa masafa mafupi, kilohezi 5066. Redio Kahuzi ya Bukavu ilitumia kilohezi 6210. Radio Okapi nayo, ilipoanza tarehe 25 Februari 2002, iliongeza masafa mafupi kwenye FM zake. Hizi zote ni AM vilevile, ila antena yake haihitaji mlingoti wa robo ya wimbi wala bustani ya shaba. Kwa masafa ya Candip, nusu ya wimbi haifiki mita 30. Huo ni waya mmoja umekatwa katikati, umelishwa hapo katikati, umetundikwa mlalo kati ya nguzo mbili za mita 10 au 12. Ukiwa chini hivyo, waya hurusha nguvu yake karibu yote juu angani, na anga la juu huirudisha kama mvua kwenye duara la kilomita mia mbili, mia tatu. Milima haizuii, kwa sababu wimbi halipiti kando, linashuka kutoka juu. Kindu, Kongolo, Kabambare, Salamabila, vijiji vya Wabangubangu vilivyo mbali na barabara: vyote vimo ndani ya duara hilo.

Wazee hapa hawashangai, naona wanatabasamu. Wanaijua foni, ile redio ya kuzungumziana. Parokia, wafanyabiashara na vituo vya afya vimezungumza kwa foni miaka mingi, kwa waya uleule, betri ya gari na paneli ya sola. Tofauti ni moja, na vijana wa redio waikumbuke: foni hurusha upande mmoja tu wa wimbi ili kuokoa nguvu, na mtu mwenye redio ya kawaida akiinasa husikia sauti kama ya bata. Inafaa kati ya kituo na kituo, haifai moja kwa moja kwa msikilizaji.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni hii. Kila FM ibaki ilipo. Kasongo isome taarifa ya habari saa fulani kupitia waya. Kabambare iipokee na kuirusha upya kwa FM yake, na siku ya pili kinyume chake. Siku mlingoti wa FM wa upande mmoja utakapoanguka, na uhai wa minara katika nchi ya radi si mrefu, kituo hicho hakitanyamaza. Kitapeleka sauti yake kwa jirani kwa waya, na jirani ataitangaza, mpaka chuma kingine kipatikane. Hiyo ndiyo Raszyn yetu, na haigharimu mita 335.

Najua pingamizi litakalokuja, na ni la haki. Vijana husikiliza redio kwenye simu, na simu ina FM tu. Ni kweli. Ndiyo maana sisemi tuache FM. Lakini ukienda sokoni, redio ndogo za betri bado zina bendi za MW na SW, yaani masafa ya kati na masafa mafupi, na mkulima anayelala shambani msimu wa mavuno hana simu yenye chaji. Pingamizi la pili ni karatasi. Masafa hayaokotwi: mwenye kutaka masafa lazima apite kwenye wizara na mamlaka ya mawasiliano, ARPTC, na mwenye kutangaza kwa umma lazima ajulikane kwa baraza la vyombo vya habari, CSAC. Safari ya Kinshasa ni ndefu kuliko safari ya waya. Nawashauri vituo viwili viandike ombi moja, kwa jina la vyote viwili, na vieleze wazi kwamba ni kwa ajili ya dharura na kupokezana habari. Ombi la namna hiyo likiandikwa baada ya mlingoti kuanguka husomwa kama kilio. Liandikwe sasa, wakati milingoti yote imesimama.

Kuna mlango wa tatu ambao sijaugusa, nao ni minara ya kampuni za simu. Mnara wa simu umekaa ardhini moja kwa moja, bila kihami, lakini unaweza kufanywa antena ya masafa ya kati: nyaya tatu au zaidi zinashushwa kando yake kama sketi, zimetengwa na chuma, na umeme wa redio unalishwa kwenye nyaya hizo badala ya mnara. Mafundi wa nchi nyingine wameifanya, redio na simu zikakaa mnara mmoja bila kugombana. Hapa itahitaji mazungumzo marefu na wenye minara, na bima yao, na mlinzi wao. Sioni ikitokea mwaka huu. Lakini anayeipima anajua tayari kwamba chuma kirefu kimesimama, kimelipiwa na mtu mwingine, na kina jenereta.

Mkiniuliza gharama za hatua ya kwanza kwa kila kituo, nitasema: waya wa shaba au wa alumini wa mita 60 ili mwingine uwe akiba, vihami vitatu, kapi mbili, kamba isiyooza, nguzo mbili za miti migumu isiyoliwa na mchwa, na swichi ya kuunganisha waya na ardhi wakati mawingu yanapokusanyika. Swichi hiyo iwekwe mahali ambapo hata mlinzi wa usiku anaifikia bila kumwamsha fundi. Mtambo wenyewe wa wati 100 ndio utakaokula fedha. Mengine yanapatikana Kasongo. Na mafundi wawili, mmoja kila upande, wafundishwe kupima waya na kuzungusha koili kabla ya mvua za Septemba kuanza, maana baada ya hapo barabara ya Kabambare hairuhusu mtu kwenda kujifunza na kurudi.